Sindano ya Kuonyesha Kusini

Ijumaa iliyopita mlininywesha soda, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, mkasema maneno mengi mazuri ambayo nusu yake hayakunihusu. Nawashukuru. Mlipotaka hotuba nilisema koo linaniuma. Halikuwa linauma. Nilikuwa na jambo moja tu la kuwaambia kuhusu miaka yangu katika chumba cha ramani hapa Nchelenge, na jambo lenyewe haliendi na soda. Basi naliandika, mlisome mkiwa mmekaa.

Naandika kwa Kiswahili ingawa wengi wenu nyumbani mnasema Kibemba, kwa sababu mambo haya yalitokea ndani ya Kiswahili. Kiswahili hiki cha vitabu msishangae nimekitoa wapi. Nilijifunza ukubwani, kwa kuchelewa, na mtaona kwa nini.

Nilianza kazi hapa mwanzoni mwa miaka hii ya sabini. Kabla ya hapo nilichora miaka kumi na miwili katika mgodi mmoja upande wa Katanga, chini ya Mbelgiji aliyekuwa anapima unene wa mistari yetu kwa lenzi. Mambo ya kule yalipoharibika nikavuka ziwa kutoka Kilwa, Kilwa yetu ya Kongo, na mke wangu na mkoba wa vifaa: kalamu mbili za mstari, bikari, pembe tatu ya mbao na wembe wa kukwangulia wino. Siku ya kwanza ofisini nilikuta meza yenye mguu mmoja mfupi na faili za barabara zilizoliwa na mchwa kuanzia Chienge kushuka chini. Mkubwa wa ofisi akaniuliza kama kweli najua kuchora au najisemea tu. Akanipa kazi ya kuchora choo cha soko. Kilijengwa, kipo hadi leo, na katika kazi zangu zote ndiyo pekee ambayo sijawahi kusikia mtu akiilalamikia.

Kila mwaka nilihitaji barua ya ofisi ili karatasi zangu za kukaa Zambia zigongwe muhuri. Nalisema hili mapema. Si kwa kujitetea, bali mjue nilikuwa mtu wa namna gani: mtu anayesema ndiyo haraka.

Reli ya kwenda Tanzania ilipokaribia kwisha, Wachina watatu waliletwa huku ziwani. Wawili walikuwa wapima ardhi, vijana, kazi yao kutembea na vigingi siku nzima bila kuchoka. Wa tatu alikuwa mzee Shen, mchoraji wa miji, mwenye nywele nyeupe zilizonyolewa hadi karibu na ngozi na koti la buluu lenye mifuko minne, kila mfuko na penseli yake. Kazi yao ilikuwa mtaa mpya wa nyumba ishirini na nne kwa familia za wavuvi, ambao maji ya ziwa yalikuwa yakiwafuata ndani kila masika.

Shen alikuwa amekaa miaka minne kwenye kambi za reli upande wa Tanzania, na Kiswahili alikijua. Siku ya kwanza akaingia chumbani kwangu, akanisalimu:

“Hujambo, ndugu? Habari za kazi?”

“Bien, mzee,” nikamjibu. “Kazi iko muzuri.”

“Kazi ni nzuri,” akasema.

Nilidhani anakubaliana nami. Kumbe ananisahihisha. Mimi, niliyezaliwa katika Kiswahili cha Katanga, nikisema Kiswahili na mama yangu, leo nafundishwa na mtu kutoka Uchina! Nilimsimulia mke wangu jioni, akacheka hadi akaweka sufuria chini. “Sasa utapata cheti,” akasema. Mimi sikucheka. Nilijiapia kwamba neno lolote la Shen nisilolijua, sitamuuliza. Hiyo ndiyo ahadi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuzitimiza.

Kwa mambo mengine alikuwa mwalimu wangu, na sikupata mwingine kama yeye. Wiki tatu za mwanzo hakuchora kitu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda katikati ya vibanda vya wavuvi, anaangalia moshi. Moshi wa kila jiko, asubuhi, mchana, jioni, unalalia wapi. Wanawake wakadhani anataka chakula, wakawa wanampelekea samaki. Mmoja wao, BanaMwila, mama Mwila, mjane aliyekuwa anauza chisense, dagaa wa ziwani waliokaushwa, alimzoea kabisa. Alimruhusu Shen apime upana wake akiwa na beseni kichwani na mwingine akipishana naye, na upana huo ukawa upana wa vichochoro vya mtaa mpya. Wengine walipima barabara kwa gari. Yeye alipima kwa BanaMwila, na BanaMwila hakuwa mwembamba.

Alinifundisha kukata penseli kwa kisu kidogo, ncha ndefu, na kuizungusha kidogo kidogo unapovuta mstari ili usinenepe. Alinifundisha kuchora nyumba kuanzia uani. Kwanza ua, halafu kuta za kuulinda, halafu paa, na chumba kinapatikana chenyewe mwishoni. Nilizoea kinyume chake. Mgodini tulichora vyumba kwanza, na nje ikabaki kuwa nje.

Siku moja tukisubiri mvua ipite, alinichorea mtaa aliozaliwa. Kichochoro chembamba, ukuta wa kijivu, mlango, na nyuma ya mlango ua wenye mti mmoja na vyumba vimeuzunguka. Babu upande huu, wajomba upande ule, kila mtu anamwona mwenzake akinawa uso. Akavuta mstari juu ya mchoro wote.

“Tunavunja,” akasema. “Tunajenga nyumba ndefu za ghorofa, safu kwa safu. Zote zinatazama kusini, kila familia ipate jua sawasawa. Ni haki. Mimi nimechora nyingi sana. Niliwapa watu jua, nikawanyang’anya ua.”

“Juu ya nini hauwezi kubapa byote mbili?” nikamuuliza.

Akageuza karatasi. “Ndiyo nataka kuonyesha hapa. Nyumba ndogo, kuta za pamoja, watu wengi mahali padogo, na kila mmoja na ua wake. Ikifaa, nitapiga picha. Nitarudi nyumbani niwaambie: miji ya kesho inaweza kuwa hivi. Mtaa wetu bado haujavunjwa wote.”

Kwa hiyo mnaelewa zile nyumba ishirini na nne zilikuwa nini kwake. Sisi tulikuwa tunahamisha wavuvi kutoka majini. Yeye alikuwa anatafuta ushahidi wa kwenda kuokolea kwao.

Sasa nifike kwenye dira. Mimi niliijua kwa jina la Kifaransa, boussole, na pande niliita nord na sud, kama kila mtu mgodini. Maneno kusini na kaskazini niliwahi kuyasikia redioni, lakini sikujua lipi ni lipi. Kwetu hatukuyatumia. Asubuhi moja Shen alitoa dira yake mfukoni, akagonga kioo kwa ukucha, akasema:

“Hii kwetu jina lake ni sindano ya kuonyesha kusini.”

Nikatikisa kichwa kama mjuzi. Moyoni nikapiga hesabu yangu: sindano inaonyesha nord, kila mtoto wa shule anajua. Yeye anasema inaonyesha kusini. Basi kusini ndiyo nord, na kaskazini itakuwa sud. Nikafurahi kwamba nimepata bila kuuliza. Sikujua kwamba sindano ina ncha mbili, na kwamba Wachina, tangu enzi za mababu zao, huihesabu kwa ncha ile nyingine.

Siku ile ile alinieleza mpango wake. Kwao, alisema, mlango na ua hukaa kusini, na mgongo wa nyumba huupa upepo wa baridi. Huku upepo wa baridi unatoka upande mwingine, jua nalo linapita kwingine, kwa hiyo lazima kila kitu kigeuzwe. Upepo wenyewe hakuutaja jina la upande. Alinionyesha kwa kidole, nami nikaona kidole.

Vigingi vilipokwisha kupigwa, Shen alishikwa na malaria mbaya. Tukampeleka hospitali ya misheni. Siku ya tatu nilikwenda kumwona kwa sababu Ba Chanda, msimamizi wa mafundi, alikuwa anasubiri kuanza msingi, na karatasi ya mwisho haikuwa imeandikwa maelezo. Shen alikuwa amejifunika hadi kidevuni, anatetemeka, meno yanagongana. Akanishika mkono.

“Ndugu Ilunga, usisahau. Milango na ua, zote kaskazini.” Akafumba macho, akafumbua. “Kaskazini.”

“Minasikia, mzee,” nikasema. “Ulale tu.”

Nikarudi ofisini, nikajaza wino kalamu, na kwa Kiingereza cha ofisi nikaandika pembeni mwa ramani kwamba milango yote na nyua zote zitazame “south”, yaani sud. Mwandiko safi. Mpaka leo ni mwandiko wangu mzuri kuliko wote ulioko katika makabati yale.

Ba Chanda aliisoma, akakuna shingo. Alikuwa Mbemba wa hapa hapa ziwani, fundi wa matofali tangu ujana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki kwa Wakongo.

“Ba Ilunga, mukwai,” akasema kwa heshima, “mulango ikiangalia huku, icushi yote itaingia mu nyumba. Upepo ya baridi inatoka kule.”

Icushi ni moshi. Nami nilikuwa nimeliwaza hilo hilo njiani, nikajijibu kwamba labda Shen anataka upepo ukaushe samaki uani. Badala ya kupanda baiskeli kurudi hospitali, nikapandisha sauti.

“Ba Chanda, ule mutu alisoma miaka mingi ile kazi. Sasa weye unajua kumupita?”

“Awe, mukwai,” akakana kwa adabu. “Mi nauliza tu.”

Alikuwa ameuliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa katika mtaa ule, na nilimnyamazisha kwa sababu lilikuwa swali langu.

Malaria ya Shen iliingia kichwani, wakampeleka mbali zaidi, akakaa miezi miwili. Aliporudi kuta zilikuwa zimefika juu na mabati yalikuwa yameanza kupigwa. Nilikwenda kumpokea pale mtaani, nimevaa shati la Jumapili, nikitarajia kusifiwa. Alishuka kwenye gari akitembelea fimbo. Akatembea kichochoro cha kwanza hadi mwisho. Akarudi. Akatoa dira, akaiweka juu ya ukuta wa ua, akainama akaitazama. Kisha akakaa juu ya matofali yaliyosalia, kofia magotini.

“Karatasi,” akasema.

Nikamfungulia ramani, kuonyesha kwamba nilifuata neno lake. “Njo bile ulisema, mzee.”

Kiingereza alikijua kidogo. Akapitisha kidole juu ya mwandiko wangu mzuri, akasimama kwenye lile neno la mwisho.

“Hii ni kusini,” akasema.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Nilitazama dira, nikatazama neno, nikatazama nyumba ishirini na nne zimeupa upepo uso. Nilitakiwa kusema pale pale. Maneno yalikuwa mepesi: mzee, sikujua maana ya kusini. Mtoto angeyasema. Mimi nilikunja ramani.

Msinijibu kwamba mlango unaweza kuhamishwa. Mlango ndiyo, siku moja unatosha. Lakini ua, jiko la uani, baraza na mteremko wa paa ni kujenga upya, na saruji ilikuwa imekwisha. Watu wakaingia hivyo hivyo. BanaMwila aliingia wa kwanza, akaimba, akampelekea Shen chisense bakuli zima. Upepo ulipoanza, moshi wa jiko ukawa unapita mlangoni moja kwa moja hadi kitandani. Mchanga ukaingia kwenye unga. BanaMwila alikuja ofisini macho yamevimba mekundu. Hakutukana mtu. Alisimama mbele ya meza yangu, akamuuliza Shen:

“Ba Sheni, mukwai, ulikaa na sisi wiki tatu, unaangalia moshi. Ulikuwa unaangalia nini?”

Shen aliinamisha kichwa. Alisema, “Nisamehe, mama.” Na mimi nilikuwa nimekaa kati yao, nimeshika pembe tatu, natengeneza kona ambayo haikuwa na kasoro.

Mkaguzi akaja kutoka Mansa na mkubwa mmoja wa Kichina. Tuliketi katika chumba hiki hiki mnachokaa. Mkaguzi aliuliza nani aliagiza upande wa milango. Mimi nikatazama sakafu. Shen akasimama, akasema polepole kwamba maelekezo aliyatoa yeye, kitandani, akiwa na homa. Anakumbuka alitaka kusema kaskazini. Lakini miaka arobaini mdomo wake umekuwa ukisema kusini, milango kusini, nyumba kusini, na huenda homa ilisema badala yake. Mchoraji wa ofisi, akasema, ni mtu mwangalifu, asiguswe.

Mtu mwangalifu. Nilisikia masikio yanawaka. Barua yangu ya karatasi za kukaa ilikuwa mezani kwa mkubwa wa ofisi, haijatiwa sahihi. Niliwaza mke wangu, niliwaza ziwa na kule tulikotoka, nikanyamaza. Nyumba nyingine zilizopangwa kufuata zikafutwa. Shen akaitwa arudi kwao.

Asubuhi ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi kwenye lori. Usiku ule sikuwa nimelala, na mke wangu, niliyekuwa nimemweleza yote, aliniambia jambo moja tu: “Umuambie mbele gari haiyatoka.” Nilitoka nyumbani nimeazimia kumwambia kabla lori halijaondoka. Tukafika. Wale vijana wawili walikuwa tayari wamepanda. Shen akanivuta pembeni, na kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

“Ndugu, nataka kukuuliza. Hapa hakuna mkaguzi, tuko wawili tu. Siku ile hospitali, nilisema nini?”

Nikaliweka sanduku chini.

“Ni muhimu kwangu,” akasema. “Mtaa wetu kule umebaki nusu. Nataka kuuchorea mpango, wasiuvunje. Kama nilisema kaskazini, basi kichwa changu ni kizima, kosa lilitokea mahali pengine, sitauliza ni wapi. Nitachora. Kama nilisema kusini, basi kichwa kimekwisha, na mtu ambaye kichwa kimekwisha asichoree watu nyumba. Wewe ulikuwepo. Nilisema nini?”

Alikuwa amenifungulia mlango. Sitauliza ni wapi, alisema. Huenda alikuwa amekwisha kujua. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na siku nyingine nalikubali, siku nyingine nalikataa. Lakini dereva alikuwa wa ofisi yetu, amesimama hatua tatu kutoka kwetu, anafunga kamba, na alisikia Kiswahili. Niliogopa masikio ya dereva.

“Kusini, mzee,” nikasema. “Ulisema kusini.”

Alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayepewa bei na kuikubali. Akanipa mkono. “Asante kwa kusema kweli,” akasema. Akapanda lori.

Nilirudi ofisini nikachora. Nilichora kisima cha shule, nikachora ghala, nikachora daraja la njia ya Mwansabombwe. Kutoka kwa dereva mmoja wa Tanzania nilinunua kamusi ya Kiswahili, na neno la kwanza nililolitafuta mnalijua. Nyumba zile ishirini na nne ziliachwa moja baada ya nyingine. BanaMwila alikaa misimu miwili ya baridi, akang’oa mabati yake, akarudi ufukweni kwenye maji.

Mwaka jana mmoja wa wale vijana wapima ardhi alipita hapa akielekea kazi nyingine. Nilimkaribisha nyumbani, nikamuuliza habari za Shen. Akasema Shen alifariki. Tangu aliporudi, hakushika penseli. Walipomwomba mpango wa kuokoa mtaa wao aliwaambia watafute mtu mwingine, yeye haaminiki tena. Hawakutafuta. Sasa pale pana nyumba ndefu, safu kwa safu, zinapata jua. Nililia mbele ya mgeni, na mgeni akadhani nalia kwa sababu ya kifo.

Ramani ya mtaa ule ipo kwenye kabati la pili, droo ya chini. Mkiitoa mtaona mwandiko wangu, na chini yake mtaona mkaguzi ameandika kwamba maelekezo yalitolewa kimakosa na mchoraji Shen akiwa mgonjwa. Jumatatu, kabla ya kurudisha funguo, nilitaka kukwangua maneno hayo kwa wembe. Nikaacha. Wino ukikwanguliwa, karatasi inabaki na jeraha na hakuna anayejua lilikuwa neno gani. Chukueni kalamu, ninyi ambao hamna cha kuogopa, muandike chini yake kwa jina langu. Alikuwa na homa kali na meno yalikuwa yanagongana, lakini alisema kaskazini. Alisema mara mbili.